Sarara au ribai? Leo nasema lililo moyoni

Haya, karibuni tena jikoni kwetu. Mliozoea nisalimie kwa dakika tano, leo mtanisamehe. Kikaango kinapata moto na mimi nina neno moyoni.

Tangu video ya mishkaki itoke, swali ni lile lile: "Dada, steki ya kukaanga ninunue sarara au ribai?" Tena wengi mnauliza huku mmeshajijibu. Sarara ni ghali, sarara ni laini, basi lazima iwe ndiyo bora. Hapo ndipo ninapokereka! Ng'ombe mzima, hata awe mkubwa vipi, ana sarara mbili tu. Mbili. Zimelala ndani, chini ya uti wa mgongo, huko karibu na figo, hazimsaidii kutembea wala kuinamisha shingo kula majani. Msuli usiofanya kazi huwa laini, na kitu kilichopo kidogo huwa ghali. Bei yake imetoka hapo. Ladha haijaulizwa.

Sasa mezani ninavyo vipande vyote viwili. Hiki cha duara, chekundu kitupu, hakina hata tone la mafuta, ni sarara. Ndugu zetu wa Nairobi mnaita fileti, ni hiyo hiyo. Na hiki kipana ni ribai, kimetoka mgongoni upande wa mbavu. Ng'ombe ana jozi 13 za mbavu, ribai inakatwa kuanzia kama ubavu wa 6 mpaka wa 12. Bucha moja, ng'ombe mmoja, unene wa vidole viwili vyote. Nilisimama pale nikahakikisha, maana ukimwachia muuzaji akukatie anavyozoea, utapewa vipande vyembamba vya kupikia mchuzi, na steki nyembamba inaiva ndani kabla haijapata rangi nje.

Mdogo wangu, sogeza kamera. Karibu zaidi. Hapo hapo.

Angalieni ribai hii vizuri, maana nilitaka kuwaonyesha kitu hiki tangu mwaka jana. Hapa katikati pana duara kubwa la nyama, huu ni msuli mrefu wa mgongo. Pembeni yake pana bonge la mafuta. Sasa fuateni kidole changu. Huku ukingoni, mnaona utepe wa nyama uliojikunja ukaliviringa lile duara? Umetengwa na mstari wa mafuta, ni msuli mwingine kabisa. Wataalamu wanauita spinalis. Ninaupasua kwa kisu kidogo... haukatai hata kidogo, unaachana wenyewe pale penye mafuta. Tazama nyuzi zake. Nene, zimelegea, na katikati ya nyuzi mna mistari myeupe midogo midogo. Hayo ni mafuta ya ndani ya nyama. Yakipata moto yanayeyuka humo humo, na ladha ya ng'ombe unayoijua wewe, ile harufu inayomfanya jirani aulize mnapika nini, kwa sehemu kubwa imo kwenye hayo mafuta.

Haya, niletee sarara hapa pembeni. Ipasue. Unaona mistari? Hakuna. Nyuzi zake ni nyembamba mno, zimelala vizuri, inapendeza machoni. Siikatai. Ila tafuteni mafuta humo, mtachoka.

Turudi jikoni. Nyama zote nimezikausha kwa tishu, chumvi nimeitia mapema. Chumvi ina mambo mawili tu: itie dakika 40 au zaidi kabla ya kupika, au itie pale pale unapoiweka kikaangoni. Ukiitia ukasubiri dakika kumi, inavuta maji yakatoka juu ya nyama na hayajapata muda wa kurudi ndani, halafu ukiweka kwenye kikaango nyama inachemka badala ya kukaangika.

Kikaango hiki ni cha chuma kizito, msiniulize tena nimenunua wapi, chochote kizito kinachotunza joto kitafaa. Sarara naianzishia kijiko cha mafuta ya alizeti, kwa sababu yenyewe haina cha kutoa. Ribai siiwekei kitu. Naishika kwa koleo, naisimamisha kwa ule ukingo wa mafuta. Nyamazeni kidogo msikie.

Mmesikia hiyo? Mafuta yanaanza kuyeyuka. Angalia chini, kikaango kilikuwa kikavu, sasa kinang'aa. Naendelea kuishikilia hapo, siiharakishi, maana mafuta yasipoyeyuka utayatema mezani kisha uje useme dada alinidanganya. Yakianza kuwa ya dhahabu na kukunjamana hivi... ndiyo, hivi... ndipo nailaza. Sasa inajikaanga kwa mafuta yake yenyewe. Nimelipia nyama na mafuta ya kukaangia yamo humo humo.

Na hizi video za siku hizi, mtu anatumbukiza bonge la siagi tangu mwanzo, vitunguu saumu, majani ya kila aina, anamwagia mwagia na kijiko, muziki mkubwa! Siagi ukiitia mapema kwenye kikaango chenye moto mkali inaungua, nyama inapata uchungu. Ukiipenda, tia mwishoni moto ukiwa umeshapungua. Kwa sarara ninaelewa kwa nini wanahangaika nayo, wanatafuta mafuta ambayo nyama haina. Kwa ribai ya nini?

Sasa kuiva. Nimekaanga vipande vinne leo, viwili vya kila aina, na nimefanya hivyo makusudi. Jozi ya kwanza naitoa ikiwa na waridi katikati. Kipimajoto hiki nimekidunga katikati kwa ubavuni, kinasoma nyuzi joto 59, naitoa, naiacha ipumzike kwenye sahani. Joto linaendelea kupanda lenyewe, unaona, 61... 63. Hapo dakika tatu zaidi, ndipo naikata. Najua wapo wanaokula chini ya hapo, 54, 55, nyama nyekundu kabisa. Mimi hapa nyumbani siendi huko. Nyama yetu inaweza kuwa na vifuko vya tegu, na nyuzi joto 63 pamoja na hizo dakika tatu ndizo kinga yako. Nyama usiyoona mhuri wa mkaguzi usiinunue hata ikiuzwa bure, iwe sarara, iwe ribai.

Na haya maji mekundu kwenye sahani si damu. Damu ilitoka machinjioni. Haya ni maji ya msuli yenye rangi yake ya asili. Mama mkwe akikataa, mweleze hivyo kwa heshima, na akiendelea kukataa, mpe jozi ya pili.

Jozi ya pili nimeipeleka mpaka 71, imeiva kabisa, hakuna waridi. Maana tuseme ukweli, nyumbani kwetu wengi ndivyo wanavyokula. Baba hakubali nyama yenye wekundu, na mgeni ukimwekea atadhani umemfanyia haraka. Wachambuzi wengine wanakwambia ukiivisha steki hivyo umeiharibu, funga jiko. Sikubaliani nao hata kidogo. Mtu ana haki ya kula nyama iliyoiva. Swali ni nyama ipi inayostahimili kuiva.

Kamera hapa. Hii ni sarara ya 71. Nakata. Nabonyeza kwa bapa la kisu. Maji yametoka kidogo, sasa basi. Natafuna... Bado inakatika kwa urahisi, sitaki kuidhulumu. Ila ni kavu, inashika kwenye meno, na nikishamaliza kutafuna sina kitu kinywani ninachokikumbuka. Joto likipanda, nyuzi za nyama zinajikaza na kusukuma maji nje, na sarara haina mafuta ya kuziba pengo.

Ribai ya 71. Nakata ule utepe wa ukingoni. Nabonyeza. Mnaona? Mnaona kinachotoka? Yale ni mafuta yaliyoyeyuka, bado yamo. Natafuna...

Jamani.

Imeiva kabisa, haina wekundu, na bado ina unyevu. Duara la katikati limekaza kiasi, hilo nakubali, lakini huu utepe, mtu wangu, huu utepe ningeufuata mpaka bucha ya mwisho ya Mbagala. Kama nyumbani kwenu mnakula nyama iliyoiva kabisa, hoja imekwisha. Ribai.

Ile jozi ya 63 tofauti inapungua, lazima niseme. Sarara ya waridi ni tamu kwa upole wake, inayeyuka, unaweza kuikata kwa uma. Chumvi na pilipili manga, ukaikamulia ndimu, unakula vizuri sana. Kwa mtoto mdogo, kwa mzee ambaye meno yamemchoka, ningenunua sarara na nisingeuliza bei. Na kwa mishkaki ya haraka pia, maana vipande vidogo haviwezi kusubiri mafuta yayeyuke.

Halafu kuna jambo ambalo lilinifanya zamani niiogope ribai, na najua na ninyi limewakuta: ulinunua, ukakaanga, ikawa ngumu kama soli. Sikilizeni vizuri hapa, ndipo wengi mnapoihukumu bila kosa. Ng'ombe wetu wengi hapa Tanzania ni zebu, wale wenye nundu. Wamekula majani, wametembea, wamepandishwa lori kutoka kanda ya ziwa au Dodoma mpaka mnada wa Pugu. Mafuta ya ndani si mengi kama ya wale ng'ombe wa Marekani wanaolishwa mahindi. Sasa anachinjwa usiku Vingunguti, asubuhi yuko buchani, mchana yuko kikaangoni kwako. Misuli ya ng'ombe ikishakufa inakakamaa, na inafikia ukakamavu wake wa juu kati ya saa 12 na 24 baada ya kuchinjwa. Yaani wewe unaikaanga katika saa zake mbaya kuliko zote!

Nyama inahitaji kukaa kwenye baridi. Vimeng'enya vyake vyenyewe vinaanza kuzilegeza nyuzi taratibu, na bucha zenye vyumba vya baridi zinaining'iniza wiki moja, mbili, hata zaidi. Ukikaa karibu na bucha ya namna hiyo, muulize kaka wa pale, "Hii imelala siku ngapi?" Akikujibu bila kubabaika, nunua hapo. Kama huna bucha hiyo, nunua ribai yako, ikaushe, iweke kwenye friji chini kabisa juu ya waya, sahani chini yake, nyuzi joto 4 au pungufu, siku mbili tatu. Ukanda wa nje utakauka, usiogope, hapo ndipo rangi ya kahawia inapokuja haraka kikaangoni. Ila kama mtaani kwenu umeme unakatika kila mara, usijaribu. Nyama iliyopata joto na kupoa na kupata joto tena itakupeleka hospitali.

Na kama unanunua asubuhi na unapika mchana huo huo, na huna namna? Basi chukua sarara. Hapo imeshinda, nasema wazi. Msuli ambao haukufanya kazi hauna ubishi mwingi hata siku ya kwanza.

Bei. Pale niliponunua, sarara ilizidi ribai kwa shilingi elfu nne kwa kilo. Kuna bucha za mtaani hawaitenganishi kabisa ribai, wanaikata pamoja na mbavu au wanaichanganya kwenye steki ya kawaida, na ukimwonyesha tu unataka pale mgongoni, juu ya mbavu, bila mfupa, anakupa kwa bei ya steki. Hiyo ni bahati yenu, itumieni kabla hawajashtuka. Kwenye maduka makubwa hali ni tofauti, ukiona kibandiko cha Kiingereza na karatasi nyeusi chini, jiandae.

Kabla hamjaandika: ndiyo, najua kuna T-bone, ina sarara upande mmoja wa mfupa na upande wa pili ule ule msuli mrefu wa mgongo ukiendelea kuelekea nyuma. Wengi wananiambia ndiyo jibu la ugomvi wote. Mimi naona ina tabu yake, upande wa sarara unaiva kabla ya mwenzake na ule mfupa unazuia nyama kugusa chuma. Nimeshapanga kuirekodi, tena kwa mkaa, maana lile jiko jipya la nje limefika na fundi anamalizia kuliwekea wavu. Video za mkaa zitakuwa Jumamosi badala ya Alhamisi, kwa sababu Alhamisi mdogo wangu huyu anayeshika kamera ana masomo ya jioni na siwezi kurekodi bila yeye.

Kwa hiyo, pesa yangu leo: ribai, ikiwa imelala kwenye baridi. Kama hujajiunga na chaneli bonyeza hapo chini na ile kengele, na uniandikie bucha yenu mtaani wanaiuza ribai kwa jina gani na shilingi ngapi, nitazisoma zote kwenye video ya mkaa. Mdogo wangu zima kamera, njoo ule huu utepe kabla haujapoa.