Baiki ya kwanza ya binti yangu: kwa nini nilikataa ya sisi (cc) 250 nikachukua Honda TRX90X

Ami yake ndiye aliyeuwasha moto. Januari ya mwaka jana tulikuwa Bidiya, huku Oman, tumepiga hema ukingoni mwa mchanga wa Wahiba kama tufanyavyo kila msimu wa baridi, naye akaja na Raptor 700 yake, baiki ya Yamaha ya magurudumu manne, nyuma ya pikapu. Binti yangu, aliyekuwa na miaka 11 na ushei, aliizunguka ile baiki kutwa nzima kama kuku anayetafuta pa kutagia. Usiku, wadogo zake wameshalala, akanambia: "Mama, mimi sitaki kupakiwa. Nataka yangu."

"Mtoto akililia wembe mpe," ami yake akadakia, anacheka.

Mama mkwe wangu, aliyekuwa akichochea makaa chini ya birika, hakuinua hata uso. "Aliyeitunga methali hiyo," alisema, "hakuwa na mjukuu."

Kwa miezi tisa nilikuwa napita na kurudi baina ya maneno hayo mawili, mpaka siku nilipolipa. Naandika haya kwa sababu nilipokuwa natafuta, kila niliyemuuliza alinijibu kwa sisi, yaani ukubwa wa injini: tisini, mia na kumi, mia mbili na hamsini. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza mtoto ana urefu gani.

Huku Ghuba wengi wanaziita baiki hizi zote "banshi", kutokana na ile Yamaha Banshee ya zamani ya silinda mbili na mipigo miwili. Lakini kuna za kazi na kuna za spoti. Za kazi zina vyuma vya kubebea mizigo mbele na nyuma, zimekaa juu, na nyingi huvuta kwa magurudumu yote manne. Za spoti ni fupi, pana, hazina pa kuwekea hata chupa ya maji, na zinasukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Hata za watoto zimegawanyika hivyo hivyo. Yamaha walikuwa na Grizzly 90 ya mtindo wa kazi na Raptor 90 ya mtindo wa spoti. Binti yangu alitaka ya spoti kwa sababu ya sura. Mimi nilikubali kwa sababu baiki iliyokaa chini na kutanua miguu haipinduki upesi ukikata mteremko kwa ubavu.

Kitu cha kusoma kabla ya bei ni kibandiko cha onyo, kwa kawaida kipo juu ya madigadi. Kampuni kubwa zinafuata viwango vya Marekani, navyo vimepanga baiki kwa umri: kuanzia miaka 6, 10, 12, 14, na za wakubwa kuanzia 16. Ile ya kuanzia miaka 12 haitakiwi kupita maili 30 kwa saa, yaani kama kilomita 48. Na nisikufiche: madaktari wa watoto wa Marekani, kupitia jumuiya yao, wanashauri asiyefika miaka 16 asipande baiki hizi kabisa. Nimeyasoma hayo, nikayapima, nikaamua. Usiniulize kama nililala usingizi usiku ule.

Pendekezo la kwanza la ami yake lilikuwa Honda TRX250X. Baiki nzuri, siitii dosari: sisi 229, gia tano, imetulia. Lakini uzito wake unapita kilo 170 na kibandiko chake kinasema 16. "Atakua nayo," akanambia. Hiyo ndiyo akili tunayonunulia kanzu za Idi: chukua iliyozidi mikono, mwakani itamkaa. Kanzu ikimzidi mtoto, anakunja mikono. Baiki ikimzidi, anakunjika yeye.

Pendekezo la pili lilitoka kwa jirani yetu, aliyekuwa na baiki ya sisi 125 ya bei poa ambayo wanawe wameichoka. Akatuazima wiki nzima, Mungu amlipe. Jina la baiki hiyo silitaji, na sidhani kama lina maana, maana umbo lile lile nimeliona likiuzwa kwa majina manne. Siku ya kwanza ilikuwa raha tupu. Siku ya pili, baada ya kuingia mchanga, dole gumba la mafuta, yaani kile kikono unachobonyeza kwa dole gumba ili iende, likawa linarudi polepole. Ya tatu likakwama kabisa, na kama si ile kamba nyekundu ya kuzimia injini, ambayo nilikuwa nimeishika mkononi nakimbia nyuma kama kichaa, tungekuwa tunazungumza mengine. Nati mbili za ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu la mbele zilikuwa zimelegea. Vipuri? Fundi alinitazama akatabasamu tu. Nikairudisha imeoshwa, na pamoja nayo sahani ya halua.

Basi nikaanza kumpima mtoto kama fundi cherehani anavyopima. Na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo uamuzi wangu wote ulipotoka.

Alisimama juu ya vikanyagio, magoti yamekunjwa kidogo: kati ya siti na suruali inatakiwa nafasi ya sentimita 8 hadi 15. Ikiwa kidogo zaidi, matuta yatamrusha. Ikiwa kubwa mno, baiki imeshakuwa ndogo. Kisha akakaa, paja likawa karibu sambamba na ardhi. Akashika usukani, akanyoosha vidole juu ya mkono wa breki: kiungo cha kwanza cha kidole cha kati, ukihesabu kutoka nchani, lazima kiwe kimepita ule mkono. Halafu akakata usukani mpaka mwisho, kushoto, kulia, nami natazama kama goti linagusa, na kama dole gumba linabonyeza mafuta bila kukusudia. Kwenye ile 250 aliyoipendekeza ami yake vidole vilifika breki kwa ncha tu, na akikata kulia, bega la kushoto lilivutika mbele mpaka mgongo ukapinda. Yeye mwenyewe akashuka bila kuambiwa.

Zikabaki tatu: Yamaha Raptor 90, Suzuki QuadSport Z90, na Honda TRX90X. Zote zilimkaa. Zote zina kilo zaidi ya mia, kwa hiyo usidanganyike na neno "ya mtoto"; ikimlalia, hainyanyuki kwa mkono mmoja. Zote zina skrubu karibu na dole gumba la mafuta. Ukiikaza, mtoto hawezi kubonyeza mpaka mwisho hata akipandwa na shetani wa mbio.

Tofauti kubwa ni gia. Raptor na Suzuki ni otomatiki kabisa, zinakwenda kwa mkanda: bonyeza, nenda. Kama mwanao ana miaka 10 na hajawahi kushika usukani wa chochote zaidi ya baiskeli, kwa maoni yangu chukua Raptor 90 usihangaike. Atakuwa na mambo mengi ya kufikiria, mwili ulale upande gani, macho yatazame wapi, na gia ni mzigo wa ziada. Suzuki nayo ni ya miaka 12 kwenda juu na siti yake niliipenda kuliko zote tatu.

Nilichukua Honda. Ina sisi 86 na gia nne za mguu wa kushoto, lakini hakuna mkono wa klachi. Klachi inajishughulikia yenyewe, kama zile pikipiki ndogo ambazo mzee mmoja na gunia lake la mkaa wamezimaliza Unguja nzima. Si baiki ya kisasa. Mfano huu ulianza 1993 na chini ya plastiki haujabadilika sana. Bado ina kabureta, bado inapozwa kwa upepo. Nilipomwambia mume wangu hayo alikunja uso, nami nikamwambia hayo ndiyo niliyoyapenda: fundi yeyote anaijua.

Sababu yangu ya kweli ni mbili. Kwanza mteremko. Mchanga unapanda mara moja, kushuka ndiko kunakoogofya. Baiki nyingi ndogo za mkanda, ukiachia mafuta mwendo ukiwa mdogo, zinateleza zenyewe na mtoto hubaki na breki peke yake. Anazibana zote kwa woga, magurudumu yanafunga. Kwenye Honda, akiwa gia ya kwanza na mafuta ameachia, injini inamshika mkono. Anashuka taratibu kama mzee anayeshuka ngazi. Pili, gia zenyewe zimekuwa sheria ya nyumbani. Mwezi wa kwanza: gia ya kwanza tu. Baadaye ya pili. Huna haja ya kubishana na mtoto kuhusu kilomita ngapi kwa saa. Unasikia kwa masikio, ukiwa umekaa kwenye mkeka, kama amevunja ahadi.

Siku yake ya kwanza alianguka, na alianguka akiwa amesimama. Baiki ilizama kwenye mchanga laini, ikazima, naye akateleza pembeni kama gunia. Alilia, kwa sababu wadogo zake walicheka. Nusu saa baadaye alikuwa amejifunza kuinua makalio na kupeleka uzito nyuma, kitu ambacho mimi nisingeweza kumfundisha kwa mwezi mzima. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini siti ndefu haimaanishi pa kupakia. Dereva anahitaji urefu wote ule wa kusogea mbele na nyuma. Ukimweka mtu mwingine, umemfunga. Mdogo wake ameomba mara hamsini, na jibu ni lile lile.

Sasa yale yasiyofurahisha, na mengi ni ya daraja hili lote, si ya kampuni moja. Sisi 86 kwenye mchanga laini ni nguvu ya kuombewa dua. Ile milima mirefu ya Wahiba, inayokaribia mita 100, sahau. Sisi tunabaki kwenye mabonde yaliyo katikati, ambako chini ni pagumu, na vilima vya kimo cha nyumba. Ukienda hapo Bausher karibu na mji wa Maskati, chagua asubuhi mapema kabla wakubwa hawajafika na mabaiki yao. Bendera ndefu ya kufunga nyuma ni lazima: nyuma ya kilima mtoto haonekani mpaka umeshamfikia. Breki ni za ngoma, zikilowa au kujaa mchanga huwa zinachelewa kidogo kushika. Na gia ya kurudi nyuma hakuna, kwa hiyo akijichimbia, tunakwenda kumvuta.

Upepo wa tairi uliniaibisha. Nilijaza kwa pampu ya kituo cha mafuta, kwa mazoea ya gari, na baiki ikawa inaruka kama mpira. Tairi hizi zinataka psi chache mno, na geji ya gari haisomi vizuri huko chini; nunua ya baiki, ni kitu kidogo. Sponji ya kichujio cha hewa naitoa kila tukirudi mchangani, naiosha, naikausha, naipaka mafuta yake. Cheni usiilowanishe mafuta kabla ya kuingia mchangani; inageuka msasa. Na joto likianza, mwezi wa tano, tutaitoa petroli yote pamoja na iliyobaki ndani ya kabureta, maana itakaa mpaka Oktoba na petroli iliyolala inaacha utando unaoziba vijitundu.

Helmeti, miwani, glavu, buti na kinga ya kifua vimekula karibu robo ya bei ya baiki, ambayo tuliinunua imetumika misimu miwili. Hapo sikubana. Helmeti ndiyo kitu pekee nilichonunua kipya kabisa, na niliinunua kwa kichwa alichonacho leo, si cha mwakani.

Wiki iliyopita ami yake alikuja tena Bidiya. Akaitazama Honda, akainama, akaomba kujaribu. Alikaa juu yake magoti yakiwa usawa wa masikio, hawezi kukata kushoto wala kulia, na binti yangu amesimama pembeni mikono kiunoni akimwambia, kwa heshima zote, "Ami, hii imekupita umri." Tulicheka mpaka chai ikapoa. Kisha akamfundisha kuuma gia ya pili kabla ya kupanda na si katikati ya mlima, na nilimshukuru kwa hilo.

Ufunguo anakaa nao bibi yake, kaufunga kwenye pindo la kanga. Gia ya tatu tumeahidiana baada ya Idi.