Ulinzi wa nyumba mjini na kijijini: kipi ununue kwanza

Kabla hujatoa pesa kununua kifaa chochote cha ulinzi, jiulize swali moja: nikipiga kelele saa nane usiku, nani atasikia, na atanifikia baada ya dakika ngapi? Aliyepanga ghorofani mjini ana majirani ukuta kwa ukuta. Shida yake ni kwamba wanaopita mlangoni kwake ni wengi na hawajui. Mwenye nyumba iliyojitenga kijijini anamjua karibu kila apitaye, lakini akivamiwa, msaada uko mbali. Wa mjini anahitaji kizuizi na kelele. Wa kijijini anahitaji muda, na taarifa ya mapema. Wauzaji huwauzia wote wawili kamera, ambayo mimi nimeiweka mkiani.

1. Mlango, fremu na kitasa

Hapa mjini na kijijini ni sawa. Watu hununua kitasa cha bei kubwa kisha wanakifunga kwenye fremu dhaifu. Mlango ukipigwa teke, mara nyingi kitasa hubaki kizima na fremu ndiyo inayopasuka, kwa sababu kile kibati kinachopokea ulimi wa kitasa kimeshikiliwa na skrubu mbili fupi zilizouma mbao juujuu. Fungua mlango wako sasa hivi ukiangalie. Nunua kibati kirefu cha chuma na skrubu za milimita 75 zinazopita fremu na kuingia ukutani, na kama ukuta ni wa tofali au zege, fundi atangulize plagi za plastiki zinazoshika skrubu ukutani. Katika orodha hii nzima, hakuna kitu kinachokupa ulinzi mwingi kwa pesa kidogo kama hicho.

Ukija kwenye kitasa chenyewe, ulimi wake ukitoka nje ufike milimita 20 au zaidi. Kama ni cha liva, yaani vile vibati vya ndani ambavyo ufunguo huviinua, chukua cha liva tano. Alama ya BS 3621, kipimo cha Uingereza, inakuhakikishia hayo yote. Kama ni cha silinda, yaani kile kipande kinachoingia ufunguo, angalia inavyokaa: isitokeze nje ya bamba la kitasa lililo usoni mwa mlango zaidi ya milimita 3. Silinda iliyochomoza mwizi huibana kwa koleo, akaivunja katikati, na mlango unafunguka bila ufunguo. Kama mlango unafungukia nje, bawaba nazo ziko nje, kwa hiyo dai bawaba ambazo pini yake haichomoki.

Anayenunua mlango mzima wa chuma aulizie daraja lake katika EN 1627, kipimo cha Ulaya cha milango ya kuzuia wizi. RC2 hujaribiwa kwa dakika 3 dhidi ya mtu mwenye bisibisi na zana ndogo. RC3 kwa dakika 5, mtaimbo ukiwemo. Zifikirie dakika hizo vizuri. Mjini, dakika 5 za kugongagonga chuma zinaamsha jengo zima. Kijijini zinakupa nafasi ya kuamka, kupiga simu na kukusanya watoto chumba kimoja, basi. Ndiyo maana huko mlango peke yake hautoshi.

Kwa geti na stoo, kufuli liwe lile ambalo chuma chake cha juu kimefunikwa, ili mkasi wa kukatia nondo ukose pa kuuma. Kipimo cha Ulaya cha makufuli, EN 12320, kina daraja 1 hadi 6. Kwa mlango wa nje usishuke chini ya 3.

2. King'ora kinachopiga simu

Maboksi yameandikwa "desibeli 110" kwa herufi kubwa, lakini hiyo ni sauti ya karibu kabisa na king'ora. Kila umbali unapozidi mara mbili, sauti hupungua kama desibeli 6. Kwa hiyo desibeli 110 zilizopimwa mita moja hubaki kama 70 ukiwa mita 100, na kama 50 ukiwa kilomita moja, sawa na watu wanaoongea taratibu. Hapo bado hujaweka upepo, miti, na ukuta wa chumba cha jirani aliyelala. Mjini king'ora kinamwaibisha mwizi mbele ya watu. Kijijini kinaweza kulia hadi asubuhi na asisikie mtu.

Kwa hiyo wa kijijini anunue chenye laini ya simu, kinachopigia namba kadhaa kwa zamu mpaka moja ipokelewe, na chenye betri ya akiba. Uliza kinatumia mtandao gani. Vya 2G pekee ni vya bei rahisi, lakini mtandao huo unazimwa nchi moja baada ya nyingine: Telstra ya Australia iliuzima mwaka 2016. Chukua cha 4G. Namba ya kwanza iwe ya jirani anayeweza kufika kwa miguu, hata kama ndugu yako wa damu anakaa mji mwingine.

3. Taa za kitambua mwendo

Kwa amani ya moyo peke yake ningeziweka juu zaidi. Ukitoka nje usiku ukajua kona zote zitawaka, hofu hupungua kweli. Kitambua mwendo hufuata joto la mwili linalosogea, na hunasa vizuri zaidi anayekatiza mbele yake kuliko anayekijia moja kwa moja. Kifunge kikitazama njia kwa ubavu. Penye mifugo, nunua chenye kupunguzwa wepesi wake wa kunasa, la sivyo taa itawaka kwa kila mbuzi na baada ya wiki hakuna atakayeamka kuitazama. Ya nje iwe na alama ya IP65, isiyoingiza vumbi wala maji ya mvua. Umeme ukisumbua, chukua ya sola yenye betri inayobadilishika.

4. Grili za madirisha

Kwa nyumba ya chini mjini, hizi zipande hadi nafasi ya pili. Nina sharti moja ambalo nalisisitiza kwa nguvu zangu zote: kila chumba cha kulala kiwe na grili moja inayofunguka kwa ndani bila kutafuta ufunguo. Moto ukiwaka jikoni na mlango ukawa hauendeki, grili iliyochomelewa moja kwa moja ndiyo itakayowafungia watoto ndani. Fundi akikuambia haiwezekani, tafuta fundi mwingine.

5. Mbwa

Kijijini namweka wa tatu, kwa sababu anatoa taarifa mgeni akiwa bado mbali na nyumba. Mjini, kwenye nyumba za kubanana, atabweka kutwa na majirani watazoea. Usimchukue kama huna uwezo wa kumlisha, kumchanja kichaa cha mbwa na kukaa naye miaka zaidi ya kumi.

Uzio wa umeme sikuupa namba. Ni wa wenye eneo kubwa, unataka fundi anayejua kazi na mabango ya tahadhari, na majani yakiugusa nguvu yake inapungua.

6. Kamera

Kamera haizuii mlango kuvunjwa. Inaonyesha ulivyovunjwa, tena mara nyingi vibaya. Ili umtambue mtu usiyemjua, kipimo kinachotumika ni pikseli 250 kwa kila mita ya upana wa picha. Kamera ya 1080p ina pikseli 1920 kwa upana, hivyo inatosha eneo la mita 7 na ushee. Ukiifunga juu ya paa itazame uwanja mzima, utapata picha ya kofia. Ielekeze mlangoni, kimo cha uso.

Mjini, kwenye korido na lango la pamoja, inafaa. Kijijini, pasipo na intaneti ya uhakika, chagua inayorekodi kwenye memori kadi, na kama ina kinasa, yaani boksi linalohifadhi picha, kifichwe mbali na sebule. Popote ulipo, badilisha nenosiri la kiwandani siku hiyohiyo: mwaka 2016 kirusi kiitwacho Mirai kiliteka maelfu kwa maelfu ya kamera na vinasa duniani kwa kujaribu tu maneno ya siri ambayo wenyewe hawakuwahi kuyabadilisha. Na chumba cha kulala kisiwe na kamera kabisa.