Maziwa ya Popi na Kasumba: Dawa ya Hadithini na Dawa ya Kweli

Katika riwaya za George R. R. Martin, zilizoanza kutoka mwaka 1996, waganga waitwao maester humnywesha majeruhi "maziwa ya popi". Maumivu hutulia, usingizi humchukua. Mwenzake wa kweli ni afyuni, dawa itokanayo na mmea wa mpopi, ambayo Waswahili twaiita pia kasumba.

Jina la Martin halikuokotwa hewani. Tunda bichi la mpopi likichanjwa hutoa utomvu mweupe mithili ya maziwa, kisha hukauka na kuwa kahawia. Tofauti ni kwamba utomvu huo ni mchungu. Ulaya ya zamani waliuyeyusha kwenye pombe, wakauita laudanum.

Penye uhodari wa mwandishi ni kwa mhusika wake Gregor Clegane, pande la mtu anayesumbuliwa na kichwa. Huyo huyagugumia maziwa hayo kama bia. Ndivyo mwili unavyofanya kweli: huzoea, ukadai kipimo kikubwa zaidi. Lakini hadithini ni nadra kusikia kwamba dawa hii hupunguza kasi ya pumzi hadi mtu akafa, wala habari za kufunga choo, ambazo bila shaka hazipendezi kwenye simulizi za mashujaa.

Maester hukadiria kwa kikombe. Sisi tuna mofini, dawa iliyotolewa ndani ya afyuni na Mjerumani Friedrich Sertürner mwanzoni mwa karne ya 19, hupimwa kwa miligramu. Na ikizidi, ipo dawa ya naloxone ya kuizima. Hiyo huko Westeros, nchi ya riwaya hizo, hawana.