Chokaa ya mapipa, Muhokya: nimeipaka na naisimamia

Kama una ukuta wa kupaka chokaa huku kwetu magharibi mwa Uganda, iwe Kasese, Kilembe au hata Bwera, achana na mfuko wa unga uliokaa dukani tangu mvua zilizopita. Nenda Muhokya, kusini mwa mji, kwenye yadi ndogo iliyo pembeni mwa barabara ya Mbarara, ununue chokaa iliyozimwa, yaani iliyotiwa maji baada ya kuchomwa, na kuhifadhiwa chini ya maji. Mimi ni fundi wa lipu na rangi. Chokaa yao nimeipaka kwenye nyumba za watu, kwenye madrasa na kwenye zahanati, na sijaona huku kwetu nyingine inayoshika ukuta vizuri hivyo. Yadi haina kibao. Waambie bodaboda wa kituoni wakupeleke kwa mzee wa mapipa, watakufikisha.

Wanauza vitu viwili: unga ndani ya magunia, na uji mzito wa chokaa unaochotwa kwenye mapipa kwa ndoo. Ninaousifu hapa ni uji. Bei yake inaizidi ya unga wa dukani kwa karibu theluthi moja, na wateja wengi wakiisikia hugeuza pikipiki. Ningependa wabaki dakika chache waone kinachofanyika pale.

Mawe yanayochomwa ni mawe chokaa ya hapo hapo, ambayo sehemu yake kubwa ni kalsiamu kabonati. Tanuri likifika joto la nyuzi 900 hivi, jiwe linaanza kuachia hewa ukaa iliyofungwa ndani yake. Kilo 100 za jiwe safi zinabaki kilo 56. Kilo 44 zimepaa angani. Jiwe linatoka na umbo lile lile lililoingia nalo, lakini ukiliinua mkono unashtuka kwa wepesi wake. Vijana wa pale huyachagua kwa uzito tu: lililo zito bado ni bichi katikati, linarudishwa motoni. Kwa uchaguzi huo peke yake tayari ninawapa alama, kwa maana chokaa yenye viini vibichi haipakiki, inachubua brashi na kuacha michirizi.

Kisha kuzima. Maji yanatangulia shimoni, mawe yanafuata, kamwe si kinyume chake. Mara ya kwanza hakuna kinachotokea. Baada ya muda jiwe moja linatoa mlio, linapasuka, na maji yanaanza kutokota ingawa hakuna kuni wala mkaa. Mvuke unapanda, vijana wanasogea upande wa juu wa upepo na kukoroga kwa fito ndefu. Uji ukipoa unachujwa kwenye wavu, unamiminwa kwenye mapipa, na juu yake yanaachwa maji kiasi cha kiganja. Hapo unafunikwa na kuachwa ukomae kwa miezi. Mzee haruhusu pipa changa liguswe. Nilipomwomba anichotee la karibu alinijibu, "Hilo bado mama, chukua la kule nyuma."

Funua pipa lililokomaa uangalie juu ya maji. Utakuta utando mweupe, mwembamba, unaong'aa kidogo ukiinamisha kichwa. Uguse kwa ncha ya mwiko: unavunjika vipande vyenye kingo kali, vinayumba, vinazama polepole mpaka juu ya uji. Utando huo ni jiwe. Chokaa kidogo iliyoyeyuka kwenye yale maji imekutana na hewa ukaa pale juu, zikaungana kuwa kalsiamu kabonati, na kwa kuwa kalsiamu kabonati karibu haiyeyuki majini, ikajitenga na kuganda pale pale ilipozaliwa. Ganda la yai ni kitu hicho hicho. Na kwa kuwa utando na maji vinaizuia hewa, uji wa chini unabaki na nguvu zake zote hata ukikaa miaka.

Hapo ndipo mfuko wa karatasi unaposhindwa. Kinachogeuza maji ya pipa kuwa utando ndicho unachotaka kitokee ukutani, baada ya brashi kupita. Chokaa haikauki kama rangi ya dukani. Inarudi kuwa jiwe kwa kuvuta hewa ukaa, na hewa tunayopumua ina sehemu 4 hivi tu za hewa ukaa katika kila sehemu 10,000, kwa hiyo kazi inakwenda taratibu. Mfuko ukikaa dukani unapata hewa hiyo pamoja na unyevu wa msimu, na unga unageuka jiwe ungali umo mfukoni, chembe kwa chembe. Ukiununua umenunua mchanga mweupe laini. Utaupaka, utaonekana mweupe siku ya kwanza, lakini hauna tena cha kushikana nacho.

Njia ya kuujua ni rahisi, na ningependa kila mama anayejenga aijue. Chukua kijiko cha unga, kamulia ndimu juu yake. Ukitoa povu na mlio, hiyo ni hewa ukaa inatoka, maana yake chokaa imekwisha kufa. Chokaa ambayo bado ni nzima inainywa ile asidi bila povu la maana. Nilifanya hivyo mbele ya kamati ya madrasa moja ambako ukuta ulikuwa unapukutika, watoto wanarudi nyumbani na migongo myeupe, na wazazi wameanza kumlaumu mwalimu. Walikuwa na nusu mfuko uliobaki, kutoka duka fulani ambalo sina haja ya kulitaja. Ndimu ilipogusa ule unga, povu lilipanda mpaka likamwagika kwenye sahani. Tulikwangua ukuta wote, tukaulowesha, tukapaka tabaka nne nyembamba za uji wa Muhokya. Mvua za Oktoba zimepita juu yake. Juzi nilipitisha mkono wa gauni langu jeusi pale ambapo watoto huegemea; ulitoka mweusi.

Ninaisifu yadi hii pia kwa sababu mzee anafundisha. Siku ambayo hakuna foleni, mwambie akuonyeshe jambo la mrija. Huchota maji angavu ya juu ya pipa kwenye glasi, akakupa mrija. "Puliza, mama, ila usivute." Pumzi chache tu na maji yanakuwa kama maziwa: ni hewa ukaa ya mapafu yako imekutana na chokaa, na jiwe limeganda kwa chembe ndogo mno. Wengi huachia hapo. Yeye hukuambia uendelee. Ukipuliza kwa subira mpaka mashavu yaume, maziwa yanapungua, glasi inarudi kuwa angavu, kwani hewa ukaa ikizidi, maji yanapata uchachu kidogo na kuliyeyusha tena lile jiwe. Halafu anayamimina kwenye sufuria, anayaweka juu ya sigiri. Yakipata moto hewa inatoka, maji yanachafuka tena, na chini ya sufuria unabaki unga mweupe.

Niliporudi nyumbani niliiangalia birika yangu kwa jicho jingine. Ule ukoko mweupe unaoziba mdomo wake, ambao huwa tunausugua kwa mchanga, ni hicho hicho. Maji ya ardhini yamebeba jiwe lililoyeyuka, moto umeifukuza hewa ukaa, jiwe limebaki. (Siki au ndimu inautoa bila kukwaruza.)

Huko milimani kazi hii inafanyika bila fundi. Mvua inapenya udongo ambao mizizi na majani yanayooza yameujaza hewa ukaa kuliko hewa ya juu, inapata uchachu, inayeyusha mawe njiani. Ukienda Amabere ga Nyinamwiru, nje ya Fort Portal, utayaona mawe yanayoning'inia kutoka darini mwa pango yakidondosha maji. Tone likifika hewani linaachia hewa ukaa yake na kuacha chembe ya jiwe, tone baada ya tone. Malighafi yao ni ya pekee: volkano za upande ule zilitapika majivu na lava yenye kabonati nyingi, aina ambayo ni adimu duniani. Na Sempaya, kwenye chemchemi za moto za Semuliki, maji yanatoka yamebeba mzigo huo huo, na pembeni mwake jiwe jeupe linaota.

Viwanda navyo vinafanya la mrija, kwa mitambo. Unga mweupe unaotiwa kwenye karatasi, dawa ya meno, rangi na vidonge mara nyingi unatengenezwa kwa kupitisha hewa ukaa ndani ya maziwa ya chokaa. Wenye tanuri lao huitumia hewa ile ile iliyotoka kwenye mawe wakati wa kuyachoma. Tofauti yao na glasi ya mzee ni udhibiti. Wanapima joto, wanapima kasi ya hewa na uzito wa maziwa, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyoamua kama fuwele zitakuwa ndogo au kubwa, zenye pembe au nyembamba kama sindano.

Kwetu mafundi somo la udhibiti lipo pia. Hewa ukaa lazima kwanza iyeyuke kwenye maji ndipo iifikie chokaa, kwa hiyo ukuta mkavu kabisa haugandi. Ukipaka saa sita mchana ukuta wa magharibi, jua linanyonya maji kabla kazi haijaanza, na hata uji bora wa Muhokya utapukutika. Lowesha ukuta jioni, paka asubuhi, tabaka iwe nyembamba kiasi kwamba ukimaliza bado unaona lipu chini yake. Usiogope, weupe unakuja wenyewe kadiri inavyoganda. Acha siku nzima kati ya tabaka, na unyunyize maji kila mara kabla ya kuendelea. Kwa nyumba za Kilembe zilizo karibu na mto Nyamwamba, zinazobaki na unyevu ukutani, mimi sipendekezi kitu kingine, kwani rangi ya plastiki hufungia maji ndani na kuvimba, lakini chokaa huyaachia yatoke.

Sasa kasoro za yadi, na mbili kati yake ni nzito. Shimo la kuzimia halina uzio. Uji ule unachoma ngozi, na tone likiingia jichoni linaweza kupofusha, na bado nimeona watoto wakikimbia karibu nalo. Nimemwambia mzee, amesema ataweka mabati, sijayaona. Vijana wanaokoroga hawana miwani wala glavu. Ukienda kununua vaa viatu vilivyofunika mguu, na ukirukiwa osha kwa maji mengi kwa muda mrefu, usipake kitu. Jingine ni kuni. Tanuri linakula miti mingi. Ile hewa ukaa ya jiwe ukuta wako utairudisha kidogo kidogo, lakini miti haijirudishi, na mlima ule juu yetu unaonyesha. Kama wangeanza kuchoma kwa pumba za kahawa ningelipa bei ya juu zaidi bila kulalamika.

Mengine ni madogo. Hawapeleki mzigo, risiti ni karatasi ya daftari, na Ijumaa baada ya saa sita hutamkuta mtu. Magunia yao ya unga ni ya kawaida. Sijui kwa nini mtu afike pale achukue gunia.

Nenda na ndoo zako zenye mifuniko inayobana. Omba pipa la nyuma. Kabla hajachota, tazama kama utando upo juu ya maji na kama uji wa chini unakatika laini kwa mwiko. Nyumbani usimwage maji ya juu mpaka siku utakayopaka.