Kakejiku za warembo wa Kijapani: za kununua na za kuacha kwa anayeishi Kampala

Uso usikudanganye. Karibu kila kakejiku ya bijinga, yaani picha ya kutundika, inayoweza kuviringwa, ya mwanamke mrembo, ina uso wa kuvutia, hata ikiwa imechapwa kwa mashine. Cha kukagua ni kilichouzunguka uso huo na kilicho mgongoni.

Anayejua kanga ataelewa upesi: picha ni mji, vitambaa vya kandokando ni pindo. Juu na chini ya picha hupita utepe mwembamba wa zari uitwao ichimonji, ambao kwa kawaida ndio kitambaa bora kuliko vyote. Ukiwa karatasi iliyochapwa maua, usilipe bei kubwa. Mgongoni kuna tabaka za karatasi ya Kijapani iitwayo washi, zilizobandikwa kwa gundi ya wanga wa ngano. Gundi hiyo hulegea kwa maji, na ni makusudi: fundi aweze kubandua na kutengeneza upya baada ya miaka mingi. Ubaya wake ni kwamba mende huipenda.

Kutambua kazi ya mkono, weka lenzi ya kukuza mara 10 kwenye shavu. Vitone vilivyojipanga ni chapa. Katika kazi ya mkono, wino umeingia kwenye nyuzi za hariri, na weupe wa uso, gofun, ambao ni unga wa magamba ya chaza, umekaa juu kama ngozi nyembamba. Ngozi hiyo ndiyo inayopasuka picha ikiviringwa kwa kubana. Kwa hiyo kakejiku yenye futomaki, kigogo cha mbao kinachovikwa kwenye ufito wa chini ili mviringo uwe mnene, inastahili kuongezewa pesa.

Kuhusu saini: mchoraji Uemura Shoen wa Kyoto (1875–1949) alikuwa mwanamke wa kwanza kupewa Nishani ya Utamaduni ya Japani, mwaka 1948. Jina lake kwenye picha ya bei ya vitenge viwili ni nakala tu. Afadhali mchoraji asiyevuma, kwenye hariri, pamoja na sanduku la mbao ya mti uitwao kiri, alilolitia saini mwenyewe. Hizo ndizo tunazozipendekeza.

Kampala, adui ni unyevu. Mvua za Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba huufanya ukuta wa saruji utoe jasho, na picha iliyougusa hupata madoa ya kahawia na ukungu. Tundika ukuta wa ndani, mbali na dirisha, wiki mbili hivi, kisha ipumzishe. Iviringe siku kavu, mikono safi, bila kukaza. Usiifunge kwenye nailoni. Unyevu hunaswa humo. Kingo zikijikunja, usipige pasi: tabaka zimevuta unyevu kwa viwango tofauti, na joto litazitenganisha.

Chapa ya mashine inafaa mgahawani, palipo na moshi na mafuta, kwa kuwa haitakuuma ikiharibika.

Kosa kubwa zaidi ni kuipeleka kwa fundi wa fremu. Ataibandika kwenye ubao kwa gundi nyeupe ya mbao, na gundi hiyo ikishakauka haitoki kwa maji. Hapo hakuna fundi, hata wa Kyoto, atakayeibandua bila kuichana hariri.