TAHADHARI: Kijana wa gesi ya bei chee, Mtwara Mjini

Jamani wa Chikongola, Magomeni na Chuno, kuna kijana anapita na bajaji imejaa mitungi ya gesi, ile midogo ya kilo 6. Akibisha hodi, msikilize ukipenda, ila mtungi wako usimpe.

Kwangu alikuja mwezi wa nne. Dukani nilikozoea nilikuwa nabadilisha kwa 24,000, na bodaboda juu yangu. Yeye akasema 21,000, anakuletea mpaka jikoni na kufunga anafunga mwenyewe. Nikamuuliza mbona rahisi hivyo. Akacheka: "Mama, gesi si yetu wenyewe? Hii inatoka hapo Msimbati, haina nauli." Nikaona ana hoja. Sisi watu wa Mtwara ukishatutajia Msimbati umetumaliza.

Kumbe uongo mtupu. Gesi ya Mnazi Bay, ndiyo hiyo ya Msimbati, inasafishwa pale Madimba, inaingia kwenye bomba kwenda Dar, huko inazalisha umeme. Ya mtungi ni gesi nyingine kabisa, inakuja kwa meli kutoka nje. Haya nimeelezwa na shemeji yangu nikiwa nimeshaliwa.

Basi akabeba mtungi wangu, wa kampuni inayouzwa kila kona, akaniachia wa rangi ambayo sijawahi kuiona mtaani. Sikushtuka. Nikasema mtungi ni mtungi.

Mara ya pili 21,000 vilevile. Ya tatu 24,500, eti bei imepanda Dar. (Si ilikuwa inatoka Msimbati?) Ya nne 27,000, na 1,500 ya kuleta, ile iliyokuwa bure. Sikuwa na namna, jiko limezima na watoto wanarudi shule, nikatoa 28,500. Safari hiyo hata kufunga hakufunga, akautua mlangoni akawasha bajaji.

Kilichonitia shaka ni kwamba gesi iliyokuwa inanifikisha wiki tano ilishaanza kukata kabla ya nne. Nikaubeba ule mtungi aliouacha mlangoni hadi kwa jirani mmoja mwenye mizani ya korosho (ya kazi gani, msiniulize). Juu, karibu na mshikio, pamegongwa uzito wa mtungi ukiwa mtupu: 7.2. Ongeza 6 za gesi, ilitakiwa isome 13.2. Ikasoma 12.1. Tukaushusha, tukaupandisha tena, 12.1. Lakiri ya plastiki ilikuwepo, ila imelegea, unaizungusha kwa kidole. Yaani nimenunua kilo 4.9 kwa 28,500, zaidi ya 5,800 kwa kilo. Dukani ilikuwa 4,000.

Nikaamua kurudi kwa muuzaji wangu wa zamani. Akaugeuza mtungi huku na huku, akanirudishia. "Dada, huu siupokei. Nikiupokea nitampa nani?" Nikitaka gesi yake, ninunue na mtungi upya. Hapo ndipo nikaelewa: ile 3,000 aliyonipunguzia kijana ilikuwa chambo, alichokifuata ni mtungi wangu. Ukishabaki na wa kwake, atakupangia bei anavyotaka.

Na msidhani kuna bei ya kumbana nayo. Zile bei kikomo EWURA, mamlaka ya nishati na maji, wanazotangaza Jumatano ya kwanza ya mwezi ni za petroli, dizeli na mafuta ya taa. Kwenye kilo ndipo pa kumkamatia: soma namba iliyogongwa, mwambie apime mbele yako, na kama hana mizani aondoke na mtungi wake. Dai na risiti. Mimi hajawahi kunipa hata moja, sasa nikienda Wakala wa Vipimo nina maneno ya mdomo tu na huu mtungi.

Simu yangu hapokei tena. Jumamosi bajaji imeonekana Ligula, na bei imerudi 21,000.