Waridi la kubebesha au la kipande, palipo na fuko?

Watu wa Mtwara wamezoea kubebesha mikorosho, yaani kuunganisha tawi la mti mmoja juu ya shina la mwingine, na waridi ni vilevile: shina la chini hutoa mizizi, kikonyo, yaani lile tawi la juu, hutoa maua. Kwenye mchanga, shina la Fortuniana, aina ya waridi itumikayo kama shina la chini, lina faida kubwa, maana mizizi yake hutanuka sana na huvumilia minyoo fundo (minyoo midogo ya udongoni inayovimbisha mizizi) kuliko mashina mengi.

Ila fuko, mnyama achimbaye chini ya ardhi na kula mizizi, hachagui shina. Majani hunyauka ghafla ilhali udongo una unyevu. Ukivuta mti unang'oka bila ubishi, mzizi umekatwa mshazari kwa meno. Hapo la kubebesha lina hatari: kikonyo kikifa, machipukizi ya chini ni ya shina, na ua ulilolinunua halirudi tena. Waridi lililooteshwa kwa kipande cha tawi, likibakiwa na kisiki chenye mizizi, huchipua ua lilelile.

Kwa hiyo palipo na marundo ya fuko napanda la kipande, ingawa mara nyingi hukawia kushika nguvu. La kubebesha nalizungushia wavu wa chuma wenye matundu madogo, chini na pembeni, kabla ya kufukia. Lililokwisha kuliwa, punguza matawi yake siku hiyohiyo, na ulipatie kivuli.